USALAMA WA FEDHA KATIKA MTANDAO: WAJIBU WA BENKI NA WAJIBU WA MWENYE AKAUNTI

Katika miaka ya nyuma, siku ya mshahara ilijulikana kwa foleni. Mtumishi wa Serikali wa Unguja au Pemba alikwenda benki na kitabu chake mkononi, akasubiri zamu yake dirishani, akatia saini mbele ya karani aliyemfahamu kwa sura, kisha akaondoka na fedha zake mfukoni. Leo mtumishi huyo huyo hupata habari ya mshahara kwa ujumbe mfupi wa simu, akanunua umeme akiwa nyumbani kwake, akamtumia mtoto wake aliyeko chuoni fedha za matumizi, na pengine mwezi mzima ukapita bila ya yeye kumuona karani wa benki.

Mabadiliko haya yameleta wepesi mkubwa, hasa kwa wananchi wa vijijini na wa visiwa vidogo ambao safari ya benki iliwagharimu siku nzima na nauli. Hata hivyo, yameleta pia suali ambalo wananchi wengi huuliza, na wana haki ya kuliuliza: je, fedha ambazo mwenyewe hazioni, zinazokwenda na kurudi kwa kubonyeza simu, ziko salama?

Jibu kwa ufupi ni kwamba mitambo yenyewe ni imara kuliko watu wengi wanavyodhani. Hatari kubwa ipo kwengine. Ipo katika mazungumzo baina ya mwenye akaunti na mtu asiyemjua. Aghalabu mlango wa akaunti hauvunjwi, bali hufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe baada ya kudanganywa. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na hatua ambazo kila mwananchi anaweza kuzichukua ili akaunti yake ibaki salama.

HUDUMA ZENYEWE

Inafaa kwanza ieleweke kuwa zipo huduma za aina mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni huduma ya benki kwa njia ya mtandao, ambapo mteja wa benki, kwa mfano Benki ya Watu wa Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1966, huifikia akaunti yake kwa kompyuta au kwa simu. Ya pili ni huduma ya fedha za simu, ambapo fedha huwekwa katika namba ya simu yenyewe na hutolewa kwa wakala wa mtaani. Huduma hii ya pili ilianza kushika kasi katika Afrika Mashariki mwaka 2007, pale M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Kwa sasa huduma hizi mbili zimeunganishwa. Fedha zinaweza kutoka katika akaunti ya benki kwenda katika simu, na kutoka katika simu kwenda benki, kwa muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo, mtu anayeipata simu ya mwenzake pamoja na namba yake ya siri huenda asipate fedha za simu peke yake, bali akaufikia mshahara, akiba na hata kiinua mgongo cha miaka thalathini ya kazi.

KUFULI LA BENKI

Mteja anapotuma maagizo kwa benki kupitia mtandao, maneno na tarakimu zake hazisafiri wazi mfano wa kadi ya posta. Hugeuzwa kuwa fumbo ambalo halisomeki na yeyote aliye njiani, na hufumbuliwa zinapofika benki. Mtu anayenasa ujumbe huo njiani hupata maandishi yasiyokuwa na maana. Fumbo hilo limejengwa juu ya hesabu ngumu kiasi ambacho wezi wa kawaida hawana uwezo wa kulifumbua, na ndiyo maana wengi wao hawashughuliki nalo.

Aidha, benki nyingi hazitosheki na ushahidi mmoja. Hutaka uthibitisho wa aina mbili. Uthibitisho wa kwanza ni kitu anachokijua mteja, yaani namba ya siri au neno la siri. Wa pili ni kitu alichonacho, kwa mfano simu yake, ambayo hupelekewa namba ya kutumika mara moja tu. Zipo pia huduma zinazotaka alama ya kidole au sura ya mteja. Mfano wake ni kasha la funguo mbili. Aliyeiba ufunguo mmoja hawezi kulifungua mpaka aupate na wa pili.

Lakini kasha la funguo mbili halina faida iwapo mwenyewe atazitoa funguo zote mbili kwa mtu mmoja. Hilo ndilo jambo ambalo benki haiwezi kulizuia peke yake, kwa sababu mtambo unapopokea namba sahihi, kutoka katika simu sahihi, hauna njia rahisi ya kujua kuwa aliye nyuma ya namba hizo si mwenye mali.

MAFUNZO KUTOKA NCHI NYENGINE

Ukweli huu si mpya, wala haukuanzia hapa. Mwaka 1994, wakati intaneti bado ilikuwa changa, Vladimir Levin, mtu wa mji wa St. Petersburg nchini Urusi, aliingia katika mtambo wa Citibank ya Marekani na kuhamisha zaidi ya dola milioni 10 kutoka akaunti za wateja. Yeye na wenzake walitumia namba na maneno ya siri ya wateja wenyewe, na mtambo ukawapokea kana kwamba wao ndio wenye mali. Alikamatwa nchini Uingereza mwaka 1995, akapelekwa Marekani na kuhukumiwa kifungo mwaka 1998. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilipatikana, lakini takriban dola 400,000 hazikurudi.

Tukio la pili ni kubwa zaidi, nalo linawahusu moja kwa moja watumishi wa umma. Mwezi wa Februari 2016, wezi walijaribu kuhamisha karibu dola milioni 951 za Benki Kuu ya Bangladesh zilizohifadhiwa New York. Uchunguzi wa Marekani ulieleza kuwa matayarisho ya wizi huo yalianza mapema kwa barua pepe zilizopelekwa kwa wafanyakazi wa benki, zikijifanya ni za mtu anayeomba kazi na zikimtaka msomaji afungue maelezo yake. Ufunguzi wa maandishi kama hayo ndio uliowapa wezi njia ya kuingia katika kompyuta za ofisi.

Maagizo mengi kati ya yale yaliyopelekwa yalizuiwa. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na sehemu kubwa ikapotelea humo. Dola milioni 20 zilizokuwa zikielekezwa Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu neno moja la Kiingereza katika jina la mpokeaji lilikuwa limeandikwa kwa makosa, na wafanyakazi wa benki waliokuwa njiani wakasita na kuuliza kabla ya kulipa.

Matukio hayo mawili yanafundisha jambo moja. Katika kila tukio, mwizi alipita katika mlango wa binadamu: neno la siri lililofika katika mikono isiyostahiki, na barua iliyofunguliwa bila ya kuhojiwa. Na palipopatikana uokovu, uokovu huo pia uliletwa na binadamu aliyesita kidogo na kuuliza.

MWIZI ANAVYOINGIA

Hapa kwetu hali haina tofauti kubwa, isipokuwa viwango vya fedha ni vidogo na maumivu yake ni makubwa zaidi kwa aliyeibiwa. Na tuchukulie mfano wa mzee mmoja aliyestaafu ualimu, anayesubiri kiinua mgongo chake. Asubuhi moja simu yake inalia.

"Assalaamu alaykum, mzee wangu. Unazungumza na kijana wako, kutoka sehemu ya malipo."

"Waalaykumu salaam, mwanangu."

"Mzee, haki yako imeshatoka, lakini imekwama kwa sababu namba yako ya simu haijahakikiwa. Sasa hivi utaletewa namba sita. Nisomee, ili nikufungulie malipo leo leo."

"Subiri basi, mwanangu, nivae miwani."

Mzee anavaa miwani, anazisoma namba hizo moja baada ya moja, na anamuombea dua kijana huyo kwa wema wake. Baada ya saa moja anapokwenda kwa wakala, akaunti imeshakauka.

Kilichotokea ni hiki. Wakati akizungumza kwa adabu, mpigaji simu alikuwa tayari ameufungua ukurasa wa kuingilia katika akaunti ya mzee huyo. Jina alilijua, namba ya akaunti aliijua, na hata tarehe ya kustaafu aliijua, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa katika fomu iliyopigwa picha na kusambazwa ovyo. Alichokikosa ni ule ufunguo wa pili, yaani namba ya kutumika mara moja. Benki ilimpelekea mzee namba hiyo, na mzee akamkabidhi mwizi. Ujumbe ule ule ulioleta namba ulieleza kuwa asipewe mtu yeyote, lakini mzee alizisoma tarakimu na hakuyasoma maneno.

Ni vyema itambulike kuwa mzee huyo si mjinga. Amelelewa katika jamii ambayo salamu hujibiwa, mgeni husikilizwa, na kijana anayeita "mzee wangu" hupewa heshima yake. Matapeli wanazijua tabia hizi njema na wanazitumia kama silaha. Mbinu wanazozitumia zaidi ni kama zifuatazo:

(a) Kujifanya maafisa wa benki, wa kampuni ya simu au wa mfuko wa pencheni, na kudai kuwa akaunti au laini itafungwa iwapo mteja hatatoa namba zake mara moja.

(b) Kupeleka ujumbe usemao kwamba "ile pesa itume kwenye namba hii", kwa kutegemea kuwa miongoni mwa maelfu ya watu watakaoupata, mmoja atakuwa kweli na mtu anayepaswa kumtumia fedha.

(c) Kupeleka ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kampuni ya simu, unaoonesha kuwa fedha zimeingia, kisha kupiga simu na kulia kwamba zimetumwa kwa makosa na zirejeshwe. Anayerejesha hutoa fedha zake mwenyewe, kwani hakuna zilizoingia.

(d) Kupeleka kiungo cha mtandao kinachofungua ukurasa unaofanana na wa benki. Mteja akiandika neno lake la siri humo, huwa amelipeleka kwa mwizi. Alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa inathibitisha tu kuwa mawasiliano yamefichwa njiani, na haithibitishi kwamba mwenye ukurasa ni muaminifu.

(e) Kumshawishi mteja aweke katika simu yake programu itakayomsaidia kutatua tatizo, ilhali programu hiyo humuwezesha tapeli kuona kila kinachoandikwa katika kioo cha simu.

(f) Kuihamishia namba ya simu ya mteja katika kadi nyengine ya simu. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla mahali ambapo wengine wanaupata.

Mbinu hizi zote zina alama mbili za pamoja: haraka na siri. Tapeli humtaka mtu afanye jambo sasa hivi, na asimwambie mtu mwengine. Anayepewa nafasi ya kukata simu, kunywa maji na kumuuliza jirani, mara nyingi huwa ameshaokoka.

WAZEE NA WENYE KUHITAJI MSAADA

Lipo jambo ambalo haifai kulifumbia macho. Wananchi wengi, wakiwemo wazee waliofikia umri wa miaka 70 wanaonufaika na Pencheni Jamii iliyoanzishwa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, wana simu lakini hawaoni vyema maandishi madogo, au hawajazoea kuzitumia kwa shughuli za fedha. Kuwaambia tu kwamba wasimpe mtu namba ya siri hakuwasaidii, iwapo hawawezi kutoa fedha bila ya msaada. Matokeo yake ni kuwa mzee humpa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yake.

Njia iliyo salama zaidi ni mzee kumchagua mtu mmoja wa nyumbani kwake, anayemuamini kwa mali na si kwa mapenzi peke yake, na mtu huyo ndiye amsaidie siku zote. Namba ya siri ibadilishwe iwapo itasikika na mtu mwengine. Kila fedha zinapotolewa, kiasi na tarehe viandikwe katika daftari linalokaa kwa mzee, na daftari hilo lisomwe mbele ya watu wengine wa nyumba kila mwezi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo haujapitwa na wakati kwa kuja simu. Mzee mwenye fedha nyingi, mathalan kiinua mgongo, anashauriwa aziweke katika akaunti ya benki ambayo haikuunganishwa na simu, na katika simu abakishe kiasi cha matumizi ya kila siku.

Kwa upande wao, mawakala waaminifu wanaweza kuwa msaada mkubwa kwa kumuelekeza mteja aiandike namba yake mwenyewe, na kugeuza uso anapoiandika.

HATUA ZA KUJIKINGA

Kwa wenye akaunti wote, hatua zifuatazo zinasisitizwa:

1. Namba ya siri na namba ya kutumika mara moja zisitolewe kwa mtu yeyote, awe karani wa benki, fundi wa simu, au mtu anayejitambulisha kuwa ni afisa wa Serikali. Mtu mwenye haki ya kumhudumia mteja hahitaji kuijua namba yake ya siri ili amhudumie. Kanuni hii haina msamaha.

2. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala tarakimu zilizofuatana, wala isiandikwe katika kadi ya benki au nyuma ya simu. Namba ya kufungulia simu iwe mbali na ile ya kufungulia fedha, ili aliyeiokota simu asipate vyote.

3. Anayepigiwa simu na mtu anayedai kutoka benki akate, kisha aipigie benki yeye mwenyewe kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yake au aliyoichukua katika tawi. Kampuni za simu nchini hutumia namba 100 kuwapigia wateja wao, kwa hivyo anayejitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu ilhali anapiga kwa namba ya kawaida, asisikilizwe.

4. Kabla ya kuthibitisha malipo, jina la mpokeaji linalojitokeza katika kioo cha simu lisomwe lote. Likitofautiana na jina la anayekusudiwa, malipo yasitishwe na mpokeaji apigiwe simu kwanza.

5. Ujumbe unaoeleza kuwa fedha zimeingia usiaminiwe mpaka salio liangaliwe.

6. Ukurasa wa benki ufunguliwe kwa kuandikwa anuani yake, au kwa programu rasmi ya benki, na si kwa kubonyeza kiungo kilicholetwa na ujumbe. Kompyuta za maduka ya intaneti na simu za kuazima zisitumike kwa shughuli za fedha.

7. Taarifa fupi za kila muamala ziwashwe, na taarifa ya akaunti isomwe angalau mara moja kwa mwezi. Wapo wezi wanaoanza kwa kutoa kiasi kidogo ili waone kama mwenyewe yuko macho.

8. Kila mwananchi ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#. Tangu mwaka 2019, laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole. Wapo watu waliobonyezeshwa kidole mara mbili tatu na wauzaji wa laini wa barabarani, na laini za ziada zikaishia mikononi mwa matapeli zikiwa na majina ya watu hao. Ikionekana laini isiyojulikana, ifutwe kupitia kampuni husika.

FEDHA ZIKISHAIBIWA

Lau pamoja na tahadhari hizo wizi utatokea, jambo la kwanza ni kuharakisha. Fedha zilizotumwa katika simu zinaweza kuzuiliwa iwapo aliyezipokea hajazitoa bado, na kwa kuwa mwizi naye anaharakisha, dakika chache za mwanzo zina thamani kuliko siku nyingi zitakazofuata. Aliyeibiwa apige namba 100 ya kampuni yake ya simu, aiarifu benki ili akaunti ifungwe kwa muda, na abadilishe namba zake za siri.

Baada ya hapo aripoti katika kituo cha Polisi kilicho karibu, akichukua pamoja naye ujumbe wote wa simu bila ya kuufuta, kwani huo ndio ushahidi wake. Namba ya tapeli iripotiwe pia kwa kuupeleka ujumbe wake kwenda namba 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ili namba kama hizo zifungiwe. Iwapo mteja ana malalamiko dhidi ya benki yenyewe, ayawasilishe kwanza kwa benki hiyo kwa maandishi na abakishe nakala. Asiporidhika na majibu, anaweza kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, yenye tawi lake hapa Zanzibar.

Udanganyifu kwa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwengine ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar. Hata hivyo, wananchi wasidhani kuwa kuwepo kwa sheria kunarudisha fedha. Kadhalika, ipo Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kinga yake ilipandishwa mwaka 2023 hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mwenye amana katika benki. Kinga hiyo humlipa mteja pale benki inapofilisika. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeitoa namba yake ya siri kwa tapeli.

Kikwazo kikubwa katika kuripoti ni aibu. Mtu mzima aliyewahi kuwa na cheo huona uzito kuwaambia watoto wake kuwa amedanganywa na kijana kwa simu, na hivyo hunyamaza siku mbili au tatu. Ukimya huo ndio unaompa mwizi nafasi ya kuzitoa fedha, na ndio unaomuwezesha kumpigia jirani kesho yake kwa maneno yale yale. Jamaa wa aliyeibiwa nao wanaombwa wasianze kwa lawama. Aliyelaumiwa mara moja hataripoti mara ya pili.

WAJIBU WA OFISI ZA UMMA

Katika mfano uliotolewa hapo juu, tapeli aliyajua mambo ya mzee kabla ya kumpigia. Suali la kujiuliza ni kuwa aliyajuaje. Majina, namba za akaunti, namba za vitambulisho na tarehe za kustaafu hukusanywa na ofisi za umma, na iwapo karatasi hizo zitatupwa ovyo, au zitapigwa picha na kusambazwa katika makundi ya simu kwa nia njema ya kuwaarifu wahusika, basi nusu ya kazi ya mwizi huwa imeshafanywa na ofisi yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Kwa hivyo, fomu zilizokwisha muda wake zichanwe au zichomwe, na zisiuzwe kuwa karatasi za kufungia njugu. Orodha za malipo zibandikwe bila ya namba za akaunti. Neno la siri la kompyuta ya ofisi lisitumiwe na watu wanne, wala lisibandikwe katika kioo cha kompyuta hiyo. Barua pepe yenye maombi ya kazi au ankara isiyotarajiwa isifunguliwe mpaka aliyeituma ajulikane. Na malipo makubwa yaendelee kupita katika mikono ya watumishi wawili, kila mmoja akisoma kwa macho yake mwenyewe, kwani dola milioni 20 zilizokuwa zikielekea Sri Lanka ziliokolewa na mtu aliyesoma kwa makini neno moja.

Kwa kumalizia, wananchi hawana sababu ya kuzikimbia huduma za fedha za mtandao na kurejea kuficha fedha chini ya godoro, ambako moto, maji na mwizi wa usiku vinazifikia. Huduma hizi ni salama kwa mtu anayeutunza ufunguo wake. Namba ya siri ni amana ya mtu mmoja, na simu yoyote inayomtaka aitoe, hata ikianza kwa salamu nzuri namna gani, inastahiki jibu moja tu: kukatwa, kisha kwenda kuuliza.